Muziki wa Gari Huanzia Kwenye Betri

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu mmoja, fundi umeme wa magari, siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani hapa Dirma. Tunaichapa karibu yote kama alivyoisoma, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mkuu wa Shule, walimu wetu wapenzi, wazee wa Dirma mliotuheshimu kwa kufika, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zangu ambao bado mko darasani.

 

Kwanza kabisa sina budi kutoa shukrani kwa Kamati iliyoniteua niseme maneno machache siku ya leo. Nilipoulizwa nitazungumza juu ya nini, nilijibu kwamba nitazungumza juu ya muziki wa magari. Katibu alicheka. Alidhani nafanya mzaha, kwa kuwa miaka iliyopita wasemaji wetu walizungumza juu ya maendeleo ya kilimo, afya na uongozi bora. Lakini ndugu zangu, mimi ni fundi umeme wa magari, na mtu hufundisha anachokijua. Isitoshe, ninalo deni la miaka mingi katika jambo hili, na deni hilo nililikopa hapa hapa kwetu. Nitawaeleza.

Mwaka 2011 nilikuwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi mwaka mmoja tu uliopita. Baba yangu mdogo alikuwa na lori la tani saba, la dizeli, lililobeba vitunguu na mahindi kutoka huku kwetu kwenda Katesh na Babati, na siku za mnada lilibeba watu na mizigo yao. Alitaka lori lake liwe na muziki ambao watu wa mnadani wangeusikia kabla hawajaliona. Mimi nikasema, kazi hiyo niachie.

Lori lile, kama malori mengi makubwa ya dizeli, lilikuwa la volti 24. Lilikuwa na betri mbili za volti 12, kila moja ya ampia-saa 100, zimeunganishwa kwa kufuatana, hasi ya moja na chanya ya nyingine. Redio na amplifaya nilivyonunua vilikuwa vya volti 12. Basi nikafanya wanavyofanya wengi mpaka leo. Nilichukua waya nikaufunga kwenye chanya ya betri ya kwanza, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi. Hapo nikapata volti 12 zangu bila kununua kitu kingine. Muziki uliwaka. Baba mdogo alifurahi, akanipa elfu ishirini na kuku. Nami nilijiona fundi.

Kwa muda wa wiki sita hivi hakuna lililoonekana. Usiku mmoja wa mwezi Julai, na ninyi mnaijua baridi ya huku mwezi huo, tuliamshwa saa sita na jirani yetu. Mkewe alikuwa katika uchungu tangu mchana na hali yake ilikuwa mbaya, ilibidi apelekwe hospitali ya Haydom. Gari lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, nalo ni lori la baba mdogo. Tulikuwa tumerudi jioni kutoka mnadani na tulikuwa na mzigo wa magunia kwa safari ya alfajiri.

Dereva alipogeuza ufunguo, stata ililia ta-ta-ta, kisha ikanyamaza. Tulijaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Vijana walikuja kusukuma, lakini lori la tani saba lenye mzigo, mahali pa tambarare, halisukumiki. Tulianza kushusha magunia gizani. Hata lilipokuwa tupu halikupata mwendo wa kutosha. Mwishowe kijana mmoja alikwenda kwa miguu kumwamsha mwenye trekta, na trekta lilifika karibu na saa kumi na moja. Lilituvuta, lori likawaka, tukaenda.

Mama yule alipona, Mungu ashukuriwe. Mtoto hakupona. Ndugu zangu, sisemi kwamba betri ndiyo iliyomwua; waganga hawakusema hivyo, nami sikuthubutu kuuliza. Ninachojua ni kwamba saa tano zilipotea, na saa hizo nilizipoteza mimi kwa waya mmoja niliofunga nisipojua ninachofanya.

NINI KILITOKEA NDANI YA BETRI

Kesho yake niliazima mita nikapima. Betri niliyochukua umeme wa muziki ilikuwa na volti 11.4. Mwenzake, iliyokaa pembeni yake, ilikuwa na volti 12.9, lakini nilipofungua vizibo nilikuta maji yameshuka chini ya sahani. Moja ilikuwa na njaa na nyingine imevimbiwa. Zote mbili zilikuwa zinakufa.

Wadogo zangu wa kidato cha tatu, sikilizeni vizuri, kwa maana haya yamo katika fizikia yenu. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, ina vyumba sita ndani ya kasha la volti 12. Kila chumba kikijaa hutoa volti 2.1 hivi, na ukijumlisha unapata 12.6. Hiyo ndiyo betri iliyoshiba, ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikionyesha 11.8, hiyo imekwisha, hata kama taa bado zinawaka. Kumbe kati ya kushiba na kuishiwa hakuna hata volti moja kamili! Ndiyo maana jicho halitoshi, wala kuwasha honi hakutoshi. Inatakiwa mita.

Sasa tazameni hesabu ya lori letu. Mnadani tuliegesha kwa saa 5, injini imezimwa, muziki unapiga. Tukisema muziki ulikula ampia 8 kwa wastani, basi saa 5 mara ampia 8 ni ampia-saa 40, zote kutoka betri moja. Ile ya pili haikutoa hata moja. Jioni tukawasha gari kurudi nyumbani. Altaneta ya volti 24 haioni betri mbili. Huona jumla yake tu, na kazi yake ni kuifikisha jumla hiyo kwenye volti 28 hivi. Mkondo unaopita katika betri ya kwanza ndio huo huo unaopita katika ya pili, kwa kuwa zimefuatana. Betri iliyoshiba hupanda volti upesi, inafika 15 na kitu, inaanza kuchemka na kupoteza maji. Ile yenye njaa imekaa kwenye 12.8. Jumla ni 28, altaneta inaridhika, inapunguza kazi. Yenye njaa inalala na njaa yake, na kila siku inayopita sahani zake zinaota ukoko mgumu ambao baadaye hauondoki tena.

Na stata inahitaji betri zote mbili kwa pamoja. Mnyororo hukatikia kwenye pete iliyo dhaifu. Ongezeni na baridi ya Julai, ambayo huifanya betri itoe kidogo na huifanya oili ya injini iwe nzito, mtaona kwamba usiku ule haukuwa wa bahati mbaya. Ulikuwa wa hesabu.

WATI ZA KWENYE BOKSI NA WATI ZA KWELI

Jambo la pili ni maneno yaliyoandikwa kwenye boksi. Amplifaya yangu iliandikwa wati 1200 kwa herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Fyuzi yake ilikuwa ya ampia 25. Haya, pigeni hesabu pamoja nami: wati ni volti mara ampia. Volti 13.8 mara ampia 25 ni wati 345. Hizo ndizo zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kuungua. Na kwa amplifaya za mtindo ule wa zamani, karibu nusu ya zinazoingia hugeuka joto. Kwa hiyo spika zangu zilipata wati 170 au 200 hivi. Hizo 1200 zilikuwa za wino tu. Amplifaya za mtindo mpya, zinazoitwa za daraja D, hupoteza kidogo kuliko hizo, lakini hata hizo haziwezi kutoa zaidi ya kinachoingia. Ukitaka kuijua amplifaya, usisome boksi, soma fyuzi.

Aidha, volti zikishuka, nguvu hushuka kwa kasi zaidi. Amplifaya nyingi za kawaida hufuata kanuni ya mraba. Injini ikizunguka kuna volti 14. Ukiizima, betri ikachoka kufikia 12, nguvu inayoweza kwenda kwenye spika inapungua kwa zaidi ya robo. Mwenye gari akisikia sauti imelegea anaongeza kitufe, amplifaya inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa ya mikwaruzo, na spika ndogo zinaungua. Anarudi dukani kulalamika kwamba spika ni mbovu, ingawa kasoro ilikuwa kwenye betri.

Na kuna faraja kwa wenye mifuko midogo. Sikio la binadamu halihesabu kama mita. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na hizo ni kiasi cha kusema "naam, imeongezeka kidogo." Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Lakini spika hazilingani. Kuna inayotoa desibeli 87 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na kuna inayotoa 93. Ile ya pili imekupa tofauti ambayo ungeinunua kwa kuongeza amplifaya mara nne. Kwa hiyo anayetaka watu wa mnadani wamsikie, fedha zake aziweke kwanza kwenye spika nzuri na kasha lililotengenezwa sawasawa.

HIZI VOLTI 48 ZINAZOZUNGUMZWA

Sasa nije kwa jambo jipya. Kwenye karakana yangu wameanza kunijia watu wenye swali hili: "Fundi, nasikia kuna pikapu za volti 48. Arobaini na nane si mara nne ya kumi na mbili? Basi muziki wake utakuwa mara nne!"

Ni kweli pikapu hizo zipo. Toyota ilianza kuuza Hilux yenye mfumo wa volti 48 mwaka 2024 huko Ulaya na Afrika Kusini. Marekani, Ram 1500 ilikuwa na mfumo wa namna hiyo tangu mwaka 2018. Tunajua sote kwamba gari linalouzwa mahali pengine leo, kesho litapita kwenye barabara ya Katesh. Ni vizuri tulifahamu kabla halijafika.

Katika magari hayo injini ni ile ile ya dizeli au petroli. Kilichoongezwa ni mota inayozungushwa na mkanda. Gari likipunguza mwendo, mota hiyo hugeuka jenereta na kukusanya umeme ambao zamani ulipotea kama joto kwenye breki. Gari likiondoka, husaidia kusukuma. Mota ya Hilux ina kilowati 12. Kwa nini basi volti 48? Pigeni hesabu tena. Kilowati 12 kwa volti 12 ni ampia 1000. Hapo ungehitaji nyaya nene kama kidole gumba. Kwa volti 48 ni ampia 250 tu. Volti zilipandishwa ili mkondo upungue na nyaya ziwe nyembamba. Hazikupandishwa kwa ajili ya muziki.

Na betri yenyewe? Wengi hudhani ni kubwa sana. Betri ya volti 48 ya ile Ram hubeba wati-saa 430. Betri yetu ya kawaida ya volti 12 na ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1200. Mnashangaa? Volti nyingi si nishati nyingi. Mtungi mrefu mwembamba waweza kuwa na maji kidogo kuliko ndoo fupi. Betri ile imetengenezwa ipokee na kutoa haraka haraka, haikutengenezwa ikeshe na wacheza ngoma.

Tena taa, redio na vifaa vingine vya kawaida katika magari hayo bado ni vya volti 12, na ndani yake imo betri ya volti 12 kama ya siku zote. Katikati pana kiboksi kinachoshusha volti 48 kuwa 12 na kitu, na kiboksi hicho ndicho kinachofanya kazi ya altaneta. Kina kipimo chake cha ampia, nacho kilipimwa kwa mahitaji ya gari, si kwa amplifaya utakayoiongeza. Ukikipita kipimo hicho, kinachobaki kinatoka kwenye betri ya volti 12, na hapo tumerudi kwenye hadithi ya lori la baba mdogo.

Kwa hiyo fundi asithubutu kabisa kugusa upande wa volti 48. Amplifaya ya volti 12 ikiunganishwa huko hufa papo hapo, na cheche ya volti 48 ikishawaka haizimiki upesi kama ya 12. Achukue umeme upande wa volti 12, kwa fyuzi. Na waya wa hasi aufunge kwenye bodi, asiufunge juu ya kichwa cha betri, kwa sababu magari mengi ya siku hizi yana kihesabu kidogo pale kwenye hasi kinachopima umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga juu yake, umeme wako unapita bila kuhesabiwa, na kompyuta ya gari inadhani betri imeshiba kumbe inaishiwa.

YA KUFANYA

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Nayasema haya kwa ufupi kwa kila mwenye gari, na kwa kila kijana atakayekuwa dereva, utingo au fundi.

Mosi, kwenye lori la volti 24 usichukue volti 12 kutoka betri moja, hata kwa redio ndogo, hata kwa siku moja. Nunua kiboksi cha kushusha volti 24 kuwa 12 chenye ampia za kutosha, ukifunge kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Au tafuta redio na amplifaya za volti 24, zipo.

Pili, waya uwe mnene. Ampia 25 zikipita kwenye waya wa shaba wa milimita 4 za mraba wenye urefu wa mita 5, zaidi ya nusu volti inapotea njiani. Kwenye waya wa milimita 16 za mraba, inapotea kiasi cha saba ya hamsini ya volti, yaani 0.14. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa shibiri moja au mbili. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya tu hailindi waya unaopita chini ya kiti. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, gari linaungua.

Tatu, anayepiga muziki injini ikiwa imezimwa, kama wenzetu wa magari ya matangazo, awe na betri yake ya pili ya muziki, yenye rilei inayoitenga injini inapozimwa. Ile ya stata isiguswe. Hiyo ni akiba ya usiku, na hakuna anayejua usiku wa nani.

Nne, pima. Mita ya kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya spika moja. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, sekunde kumi zinatosha.

Mkuu wa Shule, wakati nasoma hapa tulifundishwa kanuni ya Ohm, nami niliikariri nikapata alama zangu. Nilikuwa nayo kichwani siku ile nilipofunga waya kwenye lori la baba mdogo, lakini sikujua kwamba inahusu lori. Nilidhani inahusu mtihani. Nawaomba walimu wetu, msituonee haya, tuiteni sisi mafundi tuje na betri zetu kuukuu darasani, ili vijana hawa waijue mapema kuliko nilivyoijua mimi.

Kwa kuanzia nimeleta mita nne kwa ajili ya maabara ya shule. Si zawadi kubwa. Magari yetu, kama mnavyoona, yamepangwa pale uwanjani, na baadhi yana muziki wa kutisha. Naomba baada ya chakula, kabla hayajafunguliwa hata moja, vijana wa kidato cha tatu wapite gari kwa gari wakapime betri, waandike namba kwenye daftari, na wenye magari wasikasirike wakiambiwa ukweli. Lenye chini ya 12.2 lisipige muziki leo. Kati ya watu wote tulio hapa, huenda yuko atakayehitaji kupelekwa mahali usiku huu.